Kwa Nini Sikupi Kitabu cha Desemba

Aika mwanangu,

Umeshuka kwa shangazi yako kuaga, na ninavyomfahamu hatakuachia kabla hajakulisha mtori na kukulilia kidogo. Ukungu umeshafika kwenye ngazi za mlangoni. Nimekaa kwenye kiti cha marehemu baba yako karibu na dirisha, niandike haya kabla hujarudi, maana ukiwa mbele yangu nitaishia kukuuliza kama umepakia shuka la pili.

Mambo ya shuka, ya kuchemsha maji na ya kuangalia begi ndani ya basi sitayagusa. Unayajua, na usiyoyajua Katavi itakufundisha. Nataka kukujibu lile la jana.

Uliniomba vitabu vyangu vya majira. Ulisema, "Mama, naenda kufundisha darasa la awali na sina hata picha moja. Wewe unavyo vitano na unakaribia kustaafu." Nikakuletea vinne, vile vya masika, kipupwe, kiangazi na vuli. Ukauliza cha Desemba kiko wapi. Nikasema hicho sikupi. Ulicheka ukidhani nakutania, halafu ukanuna. "Kitabu tu, mama?" Nikachukua panga nikaenda kukata majani ya ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ameshakula.

Si kitabu tu. Sehemu ya jambo hili uliiona kwa macho yako ukiwa darasa la nne, lakini uliiona ukiwa na hasira, na mimi sikukueleza. Baba yako alikuwa akiniambia, "Mweleze mtoto," nami nikawa nasema nitamweleza akikua. Umekua, na kesho unaondoka.

Nilipoanza kufundisha awali nilikuwa nawaimbisha watoto irabu mpaka nusu wanasinzia. Wengine walitoka nyumbani bila kitu tumboni, wengine hawakujua Kiswahili, wanajua Kichagga cha jikoni kwa bibi zao, basi mdomo unafunguka kwa wimbo na macho yanafumba. Siku moja shule ikaletewa boksi la vitabu vya picha kutoka nje. Kimoja kilikuwa cha msimu wa theluji: nyumba nyeupe, barabara nyeupe, watoto wamevaa glovu. Darasa zima liliamka. Mtoto mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, kwao mlima umeshuka mpaka mlangoni." Kingine kilikuwa na miti inayopukutisha majani yote, na wakasikitika sana, wakauliza kama shamba hilo halikupigwa dawa.

Hapo nilijifunza mambo mawili. La kwanza, mtoto mdogo akipewa picha anazungumza. La pili, picha ile ikiwa ya kwao, atazungumza na hatanyamaza. Nikaanza kuchora. Nilikusanya kalenda za zamani, nikageuza upande mweupe, nikashona kwa kamba ya katani. Kitabu cha masika kilipotoka tulipanda maharage kwenye makopo, na kila mtoto alipima mche wake kwa uzi. Wakati wa kipupwe tulisoma kuhusu baridi, kisha tukapumulia vioo vya dirisha na kuandika herufi kwa kidole kabla hazijafutika. Kiangazi walileta buni za kahawa, wakatenga nyekundu na za kijani, wakahesabu. Watoto waliokuwa wanaburutwa kuja shule wakaanza kuamka wenyewe. Unavikumbuka vitabu hivyo, wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia mkasi.

Kitabu cha Desemba nilikitengeneza mwisho. Mwalimu mkuu aliniambia, "Mwalimu Felista, Desemba ni mwezi, siyo majira." Nikamjibu, "Mwalimu, kaa barabarani siku mbili kabla ya Krismasi, halafu uje uniambie tena." Alicheka, kwa sababu naye ni wa huku. Anajua mwaka mzima migomba yetu inabaki na wazee na watoto, halafu inafika Desemba magari yanapanda moja nyuma ya jingine, pombe ya mbege inachacha, mbuzi wanalia kila boma, na watoto wanalala watano kitanda kimoja na binamu wasiowajua majina.

Na mimi Desemba ilikuwa yangu hasa. Baba yako alikuwa fundi magari Dar es Salaam. Miezi kumi na moja nilikuwa mwanamke mwenye mume kwenye simu. Desemba nilikuwa na mume. Kwa hiyo nilipochora kitabu kile nilichora furaha yangu mwenyewe, na sikujiuliza kama kila mtu anayo.

Umekiona, lakini hujakiona kimefunguliwa. Ni karatasi za mifuko ya saruji, zimekunjwa kama feni. Ukikivuta kinakunjuka na kuzunguka ukuta mzima wa darasa. Ukurasa wa kwanza ni lami pale Uchira, magari yanakata kona kuanza kupanda. Kila ukurasa baada ya hapo ni kona moja ya barabara yetu ya Kirua: daraja, mashine ya kusaga, kanisa, duka, na kuendelea, mpaka ukurasa wa mwisho ambao ni uwanja wa nyumbani uliofagiwa, moshi unatoka jikoni. Kila mtoto alitengeneza mtu wake kwa magome makavu ya mgomba, nami nikapigilia misumari ya kuwatundika kwenye kila kona. Mmoja alitengeneza baba, mwingine mjomba, mwingine dada anayesoma Morogoro. Kila asubuhi baada ya somo la namba, mtoto alimsogeza mtu wake kona moja juu. Siku ya kufunga shule, wote wangekuwa wamefika nyumbani.

Aika, sijawahi kufundisha vizuri kama wiki zile. Watoto walihesabu kona kwenda na kurudi. Walitaja majina ya watu, walieleza nani atakuja na nini. Afisa elimu alikuja, akapiga picha ukuta wangu, akaniita mbunifu mbele ya walimu wote. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa. Sifa zina utamu wake, na ukiwa unazila husikii vizuri watu wanakuambia nini.

Mwaka ule darasani kulikuwa na mtoto anaitwa Ansila. Alikuwa na miaka mitano, mdogo kuliko wenzake, sweta lake limefumwa na bibi yake kwa nyuzi za rangi tofauti zilizobaki kwenye sweta za watu. Mama yake, Doroti, alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani Ansila akiwa bado anatambaa. Mwanzoni simu zilikuja. Baadaye hazikuja. Ansila alimtengeneza mama yake kwa gome la mgomba, mkubwa kuliko watu wote ukutani, akamfunga kitambaa chekundu kichwani.

Bibi yake alikuja shuleni asubuhi moja, amevaa gumbuti, ametoka shambani.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kwa ajili ya huyu mtoto. Kila tukilala ananiambia mama yake amefika darajani. Juzi amefika mashineni. Mimi huyo mama yake sijasikia sauti yake tangu mwaka jana."

"Ni mchezo tu, bibi. Watoto wanajifunza kuhesabu."

Akasema, "Mwalimu, usimpe mtoto hamu ya kitu ambacho si chako kumpa."

Nilimjibu kwa heshima, nikamsindikiza mpaka getini. Halafu nikarudi darasani, na nikamkuta Ansila amenyanyua mkono, ananyooshea msumari wa kona inayofuata na hafiki. Nikamchukua yule mama wa gome nikamsogezea mimi mwenyewe.

Ningeweza kuacha pale. Ningeweza kusema, leo tugeuze mchezo, tutengeneze wale wanaofagia na kusubiri. Haikunijia. Nilikuwa naona ukuta wangu unavyopendeza.

Siku ya kufunga, watu wote wa magome walifika ukurasa wa mwisho wakabanana pale uwanjani. Tuliimba. Nikawaambia watoto, "Sasa nendeni mkawapokee."

Krismasi ile unaikumbuka. Mkesha wake ulikaa getini tangu asubuhi na nywele zako mpya ukimsubiri baba. Mimi nilikuwa jikoni. Mchana ukiwa umeshapita, bibi yake Ansila alitokea kwenye njia ya migombani, anahema.

"Mwalimu, Ansila yuko kwako?"

"Hayuko, bibi. Tangu lini?"

"Nilimwacha anachambua maharage. Nimerudi kutoka kisimani, sufuria lipo, yeye hayupo."

Tulianza na mfereji, kama watu wa huku tunavyoanza mtoto akipotea. Tuliufuata mfereji wote mpaka kwenye kingo za mto, majirani wakaingia kwenye kahawa wakiita. Mvua ikaanza, si kubwa, ile ya kunyunyiza inayokaa siku nzima. Niliporudi nyumbani kuchukua koti, gari la kukodi lilikuwa linasimama getini, na baba yako anashuka na mabegi. Wewe ulikuwa umeshamrukia shingoni.

Aliona uso wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia mtoto wa darasani kwangu amepotea, ana sweta la rangi nyingi. Akaweka begi chini.

"Sweta la viraka viraka? Mama Aika, huyo mtoto yuko Uchira, pale lami. Tuliposimama alikuja dirishani, akatutazama mmoja mmoja. Akasema, 'Hayumo.' Kisha akaenda kwenye gari la nyuma. Nilijua ni wa yule mama anayeuza chai."

Nikaita bodaboda. Na hapo ndipo ulipolia, ukasema, "Lakini baba ndiyo kwanza amefika! Kwani Ansila ni mtoto wako?"

Nilikuzaba kofi. Mbele ya baba yako, zawadi yako ikiwa bado haijafunguliwa mkononi. Sikuwahi kukupiga usoni kabla ya siku hiyo, na sijawahi tena. Baba yako alisema baadaye kwamba ulikaa chini ya meza mpaka giza likaingia na hukutaka kuona gauni alilokuletea. Kofi lile halikuwa lako, Aika. Ulisema kweli: hakuwa mtoto wangu, na nilikuwa nimemfanyia jambo ambalo nisingekufanyia wewe. Niliipiga kweli ile, na shavu lilikuwa la kwako.

Nilimkuta Ansila kwenye kibanda cha mama wa chai, amekalishwa juu ya kreti, kikombe mkononi, ameloa. Yule mama alisema amekuwa hapo muda mrefu, kila gari linalosimama analikimbilia. Alikuwa ameteremka njia yote ile peke yake, kona kwa kona, kinyume cha kitabu changu. Nilishuka kwenye pikipiki. Aliniona. Hakunikimbilia. Alitazama nyuma yangu kama kuna mtu nimekuja naye.

Akasema, "Mwalimu, ulisema amefika."

Baada ya hapo hakusema neno tena kwa wiki nyingi. Usiku ule alipata homa, ikawa nimonia, akalazwa. Krismasi yenyewe niliipitisha kwenye benchi la hospitali pembeni ya bibi yake. Alipotolewa, nilichuma jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, nikalifunga fundo, nikaenda nalo kwao kuomba msamaha kama tulivyofundishwa. Bibi alilipokea. Akalichomeka juu ya mlango.

"Nimelipokea kwa kuwa halikataliwi," aliniambia. "Lakini mwalimu, mimi nilikuambia."

"Uliniambia, bibi."

"Basi."

Hakuna karipio la mwalimu mkuu wala la mkaguzi lililowahi kunikaa kifuani kama hilo "basi."

Januari tulifungua shule; awali wakati huo ilikuwa miaka miwili, kwa hiyo watoto walikuwa wale wale. Nilikusudia kuwahi kabla ya watoto, niutoe ule mchoro ukutani na kuuchoma. Nilichelewa, maana nilijitafutia kazi jikoni. Nilipofika, watoto walikuwa wameshaingia, wamesimama mbele ya ukurasa wa mwisho. Unajua watoto wa awali walivyo Januari hapa kwetu. Wanalia bila sababu, wanapigana, wanakojoa kwenye madawati. Miaka yote nilidhani ni kwa sababu ya likizo kuisha, nami nilikuwa nawapa irabu mpaka watulie.

Mtoto mmoja, Joakimu, akanyoosha kidole. "Mwalimu, baba yangu ameondoka. Mtoe pale."

Mwingine akasema, "Wangu pia. Aliondoka nikiwa nimelala."

Nikamtoa baba yake Joakimu pale uwanjani. Joakimu akasema hapana, asitolewe hivyo, ateremke. Basi tukaanza kuwateremsha. Kona moja kila asubuhi, kanisa, mashine, daraja, mpaka lami. Wengine walilia wakiteremsha. Mwalimu jirani alichungulia akasema, "Felista, unawaliza watoto wa watu." Nikamwambia walikuwa wanalia tangu zamani, tofauti ni kwamba sasa tunajua wanamlilia nani. Nilijibu kwa ujasiri, lakini niliogopa nakosea tena.

Vitabu vyote vya sikukuu nilivyowahi kuona huishia kwenye sikukuu. Wanafika, wanakula, kitabu kinafungwa. Mtoto anabaki na ukurasa wa kesho yake peke yake, haujachorwa na mtu. Mimi nilichora kitabu cha namna hiyo hiyo, mwanamke ambaye kila Januari nilikuwa nafua shuka za baba yako huku nalia kwenye karai ili wewe usinione.

Ansila alirudi mwezi wa pili, amekonda, sweta limekuwa kubwa. Watu wote wa magome walikuwa wameshateremka. Pale uwanjani kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa amebaki mmoja tu, mwenye kitambaa chekundu. Sikuwa nimethubutu kumgusa. Ansila alikaa siku kadhaa bila kutazama ukuta ule. Kisha asubuhi moja, wenzake wakiwa nje kwenye uji, nikamkuta amesimama chini yake.

"Huyu hajafika," akasema. Sauti ilikuwa inakwaruza. "Kwa nini yuko hapa?"

"Nilimweka mimi. Nilikosea, Ansila."

"Yuko wapi?"

Nimekuwa mwalimu muda mrefu, na mwalimu ana majibu ya kila rangi. Nilitaka kusema yuko kazini, anakupenda, atakuja. Nikasema, "Sijui."

"Bibi naye hajui."

"Ndiyo. Hatujui."

Aliniomba nimshushe. Nikampa mkononi. Alitembea naye kando ya ukuta, kona zote, mpaka kwenye lami, nikadhani atamweka pale. Akaipita. Akaenda mpaka pale ambapo karatasi imeisha na kuna ukuta mtupu, karibu na mlango.

"Akae huku kwanza," akasema. "Huku hujachora."

Nilipigilia msumari pale aliponionyesha. Kisha akaenda kunywa uji.

Doroti alikuja. Alikuja mwaka uliofuata, mwezi wa tano, katikati ya masika, wakati barabara imekatika na hakuna anayemsubiri mtu yeyote. Tulikuwa tunapima miche ya maharage. Ansila alikuwa darasa la kwanza, lakini mwalimu wao alikuwa mgonjwa, kwa hiyo nilikuwa nimewachanganya wote kwangu. Mwanamke akasimama mlangoni amejifunika nailoni kichwani, matope mpaka magotini, mfuko mmoja mkononi. Alikuwa mwembamba na jicho lake moja halikufunguka vizuri.

"Samahani mwalimu. Namuulizia Ansila."

Watoto, kama tunavyowafundisha, wakasimama wote pamoja: "Shikamoo mgeni!"

Na Ansila alikuwa mmoja wao. Alisimama, akaamkia na wenzake kwa sauti ile ile ya kuimba, akakaa, akarudi kwenye uzi wake na mche wake.

Doroti alifungua mdomo kuitikia "marahaba" na haikutoka. Nilimshika mkono nikatoka naye nje, tukasimama chini ya bati mvua ikipiga. Sikumuuliza alikopita. Mpaka leo hajaniambia, nami sijauliza.

Ungependa niseme kwamba walikumbatiana siku ile au wiki ile. Hawakukumbatiana. Doroti hakurudi tena nje ya nchi, alikaa hapa, analima, anauza ndizi sokoni, ni yule unayenunua kwake ndizi za mshale. Ansila alimwita bibi yake "mama" mpaka bibi alipokufa, na Doroti anamwita kwa jina. Sasa ni msichana mkubwa, anajifunza ushonaji mjini Moshi. Wanaishi vizuri. Wanaheshimiana kama wapangaji wa nyumba moja. Wakati mwingine nafikiri kwamba kama nisingemfundisha kusubiri kwa namna ile, kona kwa kona, asingechoka mapema namna ile. Wakati mwingine nafikiri najipa ukubwa ambao sina. Miaka imepita na sijapata jibu, na nimeacha kulitafuta.

Yule mwenye kitambaa chekundu alikaa kwenye ukuta mtupu mpaka darasa lilipopakwa chokaa. Nilimtia ndani ya kitabu. Wamo na wengine, Aika. Yumo baba yake Joakimu, ambaye alikufa kwa ajali. Wamo wajomba ambao siku hizi hawapandi. Na yumo mmoja uliyemtengeneza wewe, mwenye kitambulisho cha gereji mfukoni, ambaye safari yake ya mwisho kuja nyumbani ilikuwa Agosti, na hakupanda kwa miguu yake. Siwezi kuwapakia watu wale kwenye buti la basi.

Lakini hata wangekuwa hawamo, nisingekupa. Kitabu kile ni kizuri mno. Utakitundika, watoto watafurahi, afisa atapiga picha, na utakuwa umewaletea watoto wa Katavi Desemba ya Wachagga, kama mimi nilivyowaletea wangu theluji. Hata vile vinne nilivyokupa, vichukue kama kumbukumbu ya mikono yangu. Wanasema huko mvua ni moja tu, ndefu, na ikinyesha watu huokota uyoga msituni. Sijui. Watoto watakuambia. Wape karatasi kabla hujawapa kitabu.

Na utakapochora sikukuu yoyote, tembea kwanza kati ya madawati yao ukiwa huna kitu mkononi. Ujue nani hana mtu wa kumsogeza. Hutamjua kwa nguo. Mara nyingi ndiye anayenyanyua mkono juu kuliko wote. Sikuambii umwondolee mwenzake furaha. Sijui hata nikuambie ufanye nini. Mimi nilifanya nilichoweza baada ya kuharibu, na wewe utaharibu vya kwako. Ukifika hapo, mtoto akikuuliza jambo usilolijua, mwambie hulijui, na ubaki umesimama naye.

Nasikia mbwa wa jirani anabweka, labda ndiyo unapanda. Niseme la mwisho haraka.

Jana, baada ya kununa, ulikuja ukanishika bega ukasema, "Usijali mama, Desemba nipo hapa." Niliitikia kwa kichwa tu. Naomba uichukue ahadi hiyo, mwanangu, uondoke nayo, usiniachie. Nauli ni kubwa, likizo ni fupi, na mwalimu mpya ndiye anayebakizwa kulinda shule. Mimi ukiniahidi nitafagia uwanja kuanzia Novemba, na mifupa yangu haiwezi tena kazi ya kusubiri.

Njoo tu. Mwezi wowote, hata wa tope, hata bila simu. Ukikuta nimelala, zunguka nyuma. Mlango wa jikoni umevimba kwa unyevu na haufungi vizuri siku hizi. Usukume kwa goti, pale chini kidogo, utafunguka.

Mimi,
mama yako.